Kifaru mweusi

Kifaru mweusi (jina la kisayansi: Diceros bicornis) ni mojawapo ya spishi mbili za vifaru wa Afrika. Nyingine ni kifaru mweupe (Ceratotherium simum). Majina haya yanapotosha, kwani wote wawili wana ngozi ya kijivu, na rangi inayoonekana mara nyingi ni ya matope waliyogaagaa. Tofauti iliyo wazi ni mdomo: kifaru mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, anaoutumia kama kidole kushika matawi, lakini ule wa kifaru mweupe ni mpana, wa kukatia nyasi.

Maelezo

Kifaru mzima ana uzito wa kilogramu 800 hadi 1,400. Pembe zake mbili, ziitwazo pia vipusa, hazina mfupa ndani. Ni keratini tupu, dutu ileile ya kucha na nywele, nazo hukua maisha yote. Hula majani na vijiti, hata vya migunga yenye miiba na vya mimea ya jenasi Euphorbia yenye utomvu mkali.

Tabia

Kifaru aliyekomaa huishi peke yake, isipokuwa jike mwenye ndama. Macho yake ni dhaifu, na mtu aliyetulia mita thelathini mbele yake huenda asionekane. Hutegemea pua na masikio. Sifa yake ya ukali inatokana kwa sehemu na hali hii, maana hukimbilia kitu asichokitambua. Hunya mahali palepale na kutawanya mavi kwa miguu ya nyuma, na wengine hujua kwa harufu nani amepita. Hufuata pia njia zilezile kwenda majini, jambo linalomrahisishia jangili kazi.

Ndege anayekula kupe mgongoni mwake huitwa askari wa kifaru, na jina hilo si la bure. Utafiti uliotolewa mwaka 2020, uliofanyika Hluhluwe-iMfolozi, Afrika Kusini, ulionyesha kwamba kifaru asiye na ndege alimtambua mtu akiwa umbali wa mita 27 hivi, na mwenye ndege mita 61. Akisikia mlio wao, aligeukia upande upepo unakoelekea, ambako pua yake haimsaidii.

Uzazi na upungufu

Mimba huchukua takriban miezi 15, na huzaliwa ndama mmoja. Hutembea nyuma ya mama yake, tofauti na ndama wa kifaru mweupe anayetangulia, na hukaa naye miaka miwili hadi minne, mpaka mwingine azaliwe. Kwa hiyo jike mmoja akiuawa, pengo lake huchukua miaka mingi kuzibwa, na ndama mdogo aliyeachwa huliwa na fisi au simba.

Mwaka 1970 walikadiriwa kuwa 65,000, na mwaka 1995 walibaki chini ya 2,500. Biashara ya kimataifa ya vipusa ilipigwa marufuku na mkataba wa CITES mwaka 1977, lakini viliendelea kuuzwa Yemeni kwa mipini ya majambia na Asia ya Mashariki kama dawa. Nususpishi ya Afrika ya Magharibi ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imetoweka. Sasa wamezidi 6,000, karibu wote chini ya ulinzi wa askari. Katika Afrika ya Mashariki huonekana Ngorongoro, Mkomazi, Ol Pejeta, na katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ambako hula vichaka huku majengo ya jiji yakionekana.