Waridi la Bluu kwenye Kitambaa cha Mezani

Mezani kwetu Kasanda palikuwa na kitambaa alichokidarizi mama kabla sijazaliwa. Mawaridi manne, moja kila kona, yote ya bluu. Majani yalikuwa ya kijani, miiba ipo, ila petali zilikuwa bluu tupu. Nikiwa darasa la nne nilimuuliza mbona mawaridi niliyoyaona misheni ni mekundu. Hakuinua hata kichwa. "Uzi mwekundu uliisha," akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Nimelikumbuka jibu hilo mwaka huu nilipokikunjua kitambaa chenyewe. Mama hayupo tena, na bluu nayo inaelekea kuisha: jua na sabuni vimeiacha kama moshi. Basi nikanunua rangi za maji na karatasi nzito, nikasema nitayachora kabla hayajapotea kabisa. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Huu ni mwezi wa tatu.

Kwenye rangi za maji, nyeupe ni karatasi yenyewe, ukishaifunika imekwenda. Unaanza katikati ya waridi na rangi nzito, kisha unaivuta nje kwa maji mpaka petali ya mwisho ibaki karibu tupu. Ukichelewa, inakauka na kuacha ukingo. Ukiwahi mno, petali mbili zinaingiliana na waridi linageuka kabichi. Nina kabichi nyingi za bluu hapa nyumbani.

Halafu, bluu ipi? Kwa karne nyingi bluu nzuri kuliko zote ilisagwa kutoka kwenye jiwe la lapis lazuli lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan, na bei yake haikuwa mchezo. Karibu mwaka 1706, mtengeneza rangi wa Berlin aliyeitwa Diesbach alikuwa akitafuta nyekundu, mchanganyiko ukamharibikia, akapata bluu iliyokolea ambayo mpaka leo inaitwa bluu ya Prussia. (Mama angemwelewa.) Mwaka 1828 Mfaransa Guimet alifanikiwa kutengeneza kiwandani bluu ya lile jiwe, na rangi ya aina hiyo ndiyo iliyokuja kuuzwa madukani kama bluu ya kufulia mashati ya shule.

Lugha yetu nayo ina lake la kusema. Kiswahili kina vivumishi vya rangi vitatu tu vinavyobadilika kufuata nomino: -eusi, -eupe na -ekundu. Zilizobaki tunaziazima kutoka kwenye vitu: kijani kwenye jani, kahawia kwenye kahawa, zambarau kwenye tunda. Bluu tulikosa kitu cha kuiazima hapa chini, tukaenda mbinguni tukaleta samawati, au tukachukua neno la Kiingereza tukalisafisha. Na waridi ni ua, lakini pia ni rangi, ile nyekundu iliyopauka. Kwa hiyo ukisema "waridi la bluu" umeshajipinga kabla ya kushika brashi.

Labda ndiyo maana linavuta. Ibn al-Awwam wa Sevilla, aliyeandika kitabu cha kilimo kwa Kiarabu katika karne ya 12, anataja mawaridi ya bluu yaliyopatikana kwa kutia rangi kwenye mizizi. Novalis, mshairi wa Kijerumani, alifariki mwaka 1801 akiacha riwaya ambayo haikukamilika, Heinrich von Ofterdingen, na kijana wake anayeota ua la bluu. Riwaya ilichapishwa mwaka uliofuata, na ua lile likawa alama ya hamu ya kizazi kizima cha Wajerumani.

Sasa hapa ndipo historia inapokuja kwetu. Ua la bluu lilikuwapo kweli. Si waridi, bali ua dogo lenye majani ya manyoya, linaloota kwenye vivuli vya miamba, Usambara na milima mingine ya mashariki mwa Tanganyika. Mwaka 1887 vielelezo vyake vilipelekwa bustani ya Kew, Uingereza, na mmisionari William Taylor. Wapenzi wa fasihi mnamjua: ndiye huyo aliyekusanya mashairi ya Muyaka pale Mombasa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. John Kirk alikuwa ametangulia kupeleka vyake mwaka 1884. Lakini vielelezo vyote hivyo havikutosha kulieleza ua, likakaa bila jina la kisayansi. Miaka michache baadaye Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alimpelekea baba yake mpenda mimea, na mwaka 1893 Hermann Wendland akalipa jina la ukoo huo: Saintpaulia. Wajerumani waliitaka bluu ya ndotoni, wakaikuta kwenye koloni. Leo inakaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, huku baadhi ya aina za porini zikihatarishwa na kukatwa kwa misitu.

Ua likishakaushwa na kubanwa kwenye karatasi, bluu mara nyingi haidumu. Ndiyo sababu wanasayansi walihitaji wachoraji. Joy Adamson, ambaye wengi wanamjua kwa simba wake Elsa, alifika Kenya mwaka 1937 na alianza kwa kuchora maua kwa rangi za maji, akihimizwa na mumewe wa wakati huo, mtaalamu wa mimea Peter Bally. Alichora mamia. Ninazitazama picha za namna hiyo kwa wivu na kwa kinyongo kidogo: anayechora ndiye anayeamua ua litakumbukwa kwa rangi gani, na kwa miaka mingi hatukuwa sisi.

Waridi lenyewe halina jini la kutengeneza kemikali ya bluu. Kampuni ya Suntory ya Japani na Florigene ya Australia zililihangaikia tangu mwaka 1990, zikachukua jini kutoka kwenye ua la pansi, na mwaka 2009 waridi likaingia sokoni Japani. Nimeliona pichani. Jamani, lile ni zambarau hafifu. Yale ya bluu kabisa unayoyakuta kwenye mashada ya harusi mjini yamenyweshwa rangi au kupuliziwa, mbinu isiyo mbali sana na ya Ibn al-Awwam.

Kwa hiyo nimebaki na ya mama. Matatu nimeyamaliza, na la pili limekaa vizuri kuliko nilivyostahili. Kona ya nne ya kitambaa ina doa la chai lililoingia mpaka kwenye petali. Nimelichora pamoja na doa lake.