Steve Tikolo, Mpigaji wa Kriketi

Mtoto wa mtaa wa Soweto, Moshi, akitakiwa ataje mchezaji mashuhuri, hapana shaka atataja mcheza kandanda. Kriketi katika Afrika Mashariki ilikuja na Waingereza, ikastawishwa na Wahindi katika vilabu vyao, na kwa muda mrefu wenyeji waliutazama mchezo huo kutoka nje ya ua. Timu ya Afrika Mashariki iliyokwenda Uingereza mwaka 1975 kushindania Kombe la Dunia la kwanza ilikuwa karibu yote ya Wahindi. Samuel Walusimbi na John Nagenda, wote Waganda, ndio walikuwa Waafrika weusi ndani yake. Ilishindwa katika mechi zake zote tatu.

Stephen Ogonji Tikolo alizaliwa Nairobi tarehe 25 Juni 1971. Kaka zake, Tom na David, waliichezea Kenya kabla yake, basi mchezo huo aliukuta nyumbani. Kazi aliyoichagua ni ngumu. Mpigaji husimama na gongo lake mbele ya vijiti vitatu, naye mrushaji hutaka kuviangusha. Mikimbio huhesabiwa kwa wapigaji wawili kubadilishana mahali, na mpira ukifika mpakani huwa minne, au sita ukipita juu bila kugusa chini. Akosapo mara moja tu akatolewa, basi, hana ruhusa ya kurudi. Kupata mikimbio mia kwa zamu moja ni heshima kuu.

Katika Kombe la Dunia la mwaka 1996 Tikolo alianza kwa kupata 65 dhidi ya India, mjini Cuttack. Tarehe 29 Februari, mjini Pune, Kenya iliishinda West Indies, iliyokuwa na Brian Lara: Kenya 166, West Indies 93. Ushindi huo ulikuwa wa warushaji zaidi kuliko wapigaji, kwani mikimbio ya makosa ya West Indies yenyewe ilizidi ya mpigaji yeyote wa Kenya! Siku chache baadaye, mjini Kandy, Sri Lanka ilipata 398, hesabu ambayo haikuwa imefikiwa na timu yoyote katika mechi ya kimataifa ya siku moja. Wengine wangalikata tamaa. Tikolo alipiga hata 96, akatolewa akibakiwa na minne.

Lakini zamu iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa ya Kuala Lumpur, Aprili 1997, katika fainali ya kombe la nchi zisizo na daraja la Test, yaani zile mechi za siku tano ambazo wachezaji huzihesabu kuwa kipimo cha kweli. Kenya ilipata 241, na katika hizo 147 zilikuwa za Tikolo peke yake. Mvua ikanyesha, hesabu ya Bangladesh ikapunguzwa iwe 166 katika ova 25, nao wakaifikia kwa mpira wa mwisho kabisa. Mwaka 2000 Bangladesh ilipewa daraja la Test. Kenya haikupewa. Si haki kusema kwamba mpira mmoja ndio uliokata shauri hilo, maana Bangladesh ilikuwa na umati wa watu wanaoupenda mchezo, jambo ambalo Kenya haikuwa nalo. Walakini ni vigumu kulisahau.

Mwaka 2003 Tikolo alikuwa nahodha. New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa kuhofia usalama, ikapoteza pointi; Sri Lanka ilikuja, ikashindwa. Kenya ikafika nusu fainali, ambako hapana nchi isiyo na daraja la Test iliyokuwa imewahi kufika. Huko Durban, tarehe 20 Machi, India ilipata 270, Kenya 179. Nahodha alipata 56.

Baada ya hapo fedha zilipungua, wachezaji wakagombana na viongozi wao, hata wakagoma. Tikolo alistaafu mwaka 2011, akaitwa tena mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 42, kwa kuwa mrithi hakupatikana. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hata daraja lake la mechi za siku moja. Tikolo, aliyekwisha kupata mikimbio zaidi ya 3,400 katika mechi hizo, na mara tatu kupita mia, aligeukia ualimu, akawafundisha vijana wa Uganda na kisha wa Tanzania. Mechi ya Test hakucheza hata moja.