Utatu na uungu wa Yesu: tuyajue maandiko kabla hatujasimama kujadiliana

Upande wa mama yangu ni Warabai. Mama alisilimu alipoolewa, lakini ndugu zake wengi ni Wakristo mpaka leo. Tunazikana, tunaozana, na sikukuu zikifika tunapelekeana sahani.

Mwaka jana tulikwenda matangani Rabai. Mpwa wangu, kijana wa miaka 22, akaanza mjadala na vijana wa huko. Akawaambia Utatu ulipigiwa kura mwaka 325, na kwamba ndani ya Biblia hamna hata aya moja ya kuwasaidia. Mmoja wao, anayefundisha watoto kanisani, akafungua Biblia akamsomea Yohana 20:28. Mpwa wangu hakuwa na jibu. Akapandisha sauti, akasema wote wanaabudu miungu watatu. Mama mdogo, ambaye ndiye aliyefiwa, akainuka akaingia ndani. Sahani tuliyompelekea Idi baada ya hapo haijarudi.

Nimeandika makala haya kwa ajili ya mpwa wangu na vijana wengine mfano wake. Mimi ni Muislamu, na itikadi yangu juu ya Nabii Isa (A.S.) ni ile ya Qur'ani. Lakini mwenye haki hapungukiwi kitu akisema ukweli juu ya hoja ya mwenzake.

Wakristo wanasema nini hasa

Mafundisho ya Utatu ni kwamba Mungu ni mmoja, na katika huyo mmoja mna nafsi tatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Baba si Mwana, Mwana si Roho, lakini kila mmoja ni Mungu, na Mungu habaki ila mmoja. Bibi Maryam hayumo katika Utatu wao. Kwa hivyo ukimwambia Mkristo "nyinyi mna miungu watatu", atakujibu kwamba hata yeye anaikataa kauli hiyo. Sisi twasema maelezo hayo hayaingiani na tauhidi. Hiyo ni hoja halali, lakini umjadili mtu kwa anayoyaamini, usimvishe asiyoyasema.

Pia ujue unazungumza na nani. Mashahidi wa Yehova hawaamini Utatu. Kwao Yesu ni kiumbe wa kwanza wa Mungu. Wako Wapentekoste wanaokataa nafsi tatu lakini wanasema Yesu ndiye Mungu mwenyewe. Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na wengi wa Waprotestanti wako kwenye Utatu.

Nikea mwaka 325

Neno "Utatu" halimo ndani ya Biblia, na wanazuoni wao wanakiri. Lakini si kweli kwamba lilizuliwa Nikea. Theofilo wa Antiokia alitumia neno la Kiyunani lenye maana hiyo karibu mwaka 180, na Tertuliano wa Karthago akaandika la Kilatini mwanzoni mwa miaka ya 200. Nikea ilikuja zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Kilichojadiliwa Nikea, mji ambao leo ni Iznik huko Uturuki, ni mafundisho ya Ario, kasisi wa Aleksandria. Ario alisema Mwana aliumbwa, na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwako. Mfalme Konstantino akawaita maaskofu, nao wakaamua kuwa Mwana ni wa asili moja na Baba. Ario akafukuzwa nchini pamoja na maaskofu wawili waliokataa kutia sahihi. Mkutano huo haukuchagua vitabu vya Biblia, kama tunavyosikia mara nyingi kwenye mihadhara.

Nikea haikumaliza ugomvi. Athanasio, mpinzani mkubwa wa Ario, alifukuzwa mjini kwake mara tano. Konstantino mwenyewe alibatizwa karibu na kufa, mwaka 337, na Eusebio wa Nikomedia, askofu aliyekuwa akimuunga mkono Ario. Habari ya Roho Mtakatifu iliwekwa wazi zaidi katika mkutano wa Konstantinopoli mwaka 381. Na mwaka 451 huko Kalkedonia wakaamua kwamba Yesu ana asili mbili, ya Mungu na ya mwanadamu.

Hoja yetu yenye nguvu, kwa hivyo, ni kwamba Wakristo wenyewe walihitilafiana vikali kwa karne nzima juu ya jambo hili, na watawala wakaingiza mkono. Hiyo ni historia, na hakuna atakayeikanusha.

Aya wanazozitegemea

Ya kwanza ni Yohana 1:1, isemayo kwamba Neno alikuwako mwanzo na kwamba Neno alikuwa Mungu. Mashahidi wa Yehova huifasiri kuwa Neno alikuwa "mungu fulani", kwa sababu neno la Kiyunani hapo halina kibainishi. Wataalamu wengi wa Kiyunani hawakubaliani nao. Usiitegemee tafsiri hiyo kama huwezi kuitetea.

Ya pili ni ile ya Rabai, Yohana 20:28. Tomaso anamwita Yesu Bwana wake na Mungu wake. Wako miongoni mwetu wanaosema alishtuka tu, kama mtu asemavyo "Mungu wangu!" Jibu hilo ni dhaifu, kwa sababu aya yenyewe inasema alimwambia Yesu. Lenye nguvu zaidi ni kusoma mlango huo huo, aya ya 17, ambapo Yesu anasema anapaa kwenda kwa Mungu wake ambaye pia ni Mungu wao, na aya ya 31, ambapo mwandishi anataja lengo la kitabu chake: watu waamini kwamba Yesu ni Kristo, Mwana wa Mungu.

Ya tatu ni Yohana 10:30, kwamba yeye na Baba ni umoja. Sisi hujibu kwa Yohana 17:21 na 22, ambapo Yesu anaomba wanafunzi wake nao wawe na umoja kama huo. Mkristo atakurudisha 10:33, ambapo Mayahudi waliokota mawe wakisema anajifanya Mungu. Nawe soma inayofuata, 10:34, ambapo Yesu anawajibu kwa Zaburi ya 82, iliyowaita watu "miungu". Mtu akikusomea aya moja, isome na jirani zake.

Nyingine watakazokutajia ni Yohana 8:58, Wafilipi 2:6 hadi 11, Wakolosai 2:9, Waebrania 1:8 na Mathayo 28:19. Zisome zote kabla hujasema hawana kitu.

Aya za upande wa pili

Katika Marko 12:29 Yesu anaulizwa amri iliyo kuu, naye anaanza na umoja wa Mungu, kama ilivyo katika Taurati. Marko 10:18 anamuuliza mtu kwa nini amemwita mwema, ilhali mwema ni Mungu peke yake. Marko 13:32 anasema siku ya Kiama haijui yeye wala malaika, ila Baba. Yohana 14:28 anasema Baba ni mkubwa kuliko yeye. Yohana 17:3 anamwita Baba kuwa ndiye Mungu wa pekee wa kweli, na yeye kuwa ni aliyetumwa. Mathayo 26:39 anaanguka kifudifudi na kuomba. Matendo 2:22 Petro anamtaja kama mtu aliyethibitishwa na Mungu kwa miujiza ambayo Mungu aliifanya kwa mkono wake.

Mkristo atakujibu kwamba hapo alisema kwa asili yake ya kibinadamu. Muulize kwa upole: Je, Yesu mwenyewe aliwahi kuwaeleza wanafunzi wake kwamba ana asili mbili, na hapa asema kwa hii, pale kwa ile? Maelezo ya namna hiyo ni ya Kalkedonia. Hapo ndipo kiini cha mjadala kilipo.

1 Yohana 5:7

Mistari inayowataja Baba, Neno na Roho Mtakatifu kuwa ni umoja haimo katika nakala kongwe za Kiyunani. Erasmus alipochapisha Agano Jipya la Kiyunani mwaka 1516, na tena 1519, hakuitia. Aliitia katika toleo la 1522, baada ya kulaumiwa. Kwa njia hiyo ikaingia katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Tafsiri nyingi za kisasa zimeiondoa au zimeitia alama.

Huu ni ukweli uliothibitishwa na wataalamu wa Kikristo wenyewe. Lakini tusiutumie kupita kiasi: Wakristo wana aya nyingine, na kuondoka kwa hii hakuwaachi mikono mitupu.

Mjadala huu si mgeni kwetu

Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na 1846 akaweka kituo chake Rabai, huko huko kwa wajomba zangu. Mwaka 1923 Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana aliyekuwa Zanzibar, alichapisha tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili yenye maelezo ya kuupinga Uislamu. Masheikh wetu hawakutoka na rungu, walishika kalamu. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianzisha magazeti yake miaka ya 1930 na kuandika vitabu vya kuifunza jamii dini yake. Sheikh Abdalla Saleh Farsy akatoa tafsiri yake kamili ya Qur'ani mwaka 1969.

Qur'ani iko wazi juu ya Isa. Annisaa 171 inamwita Masihi, Mtume wa Mwenyezi Mungu na neno lake, na inakataza kusema "watatu". Lakini Qur'ani hiyo hiyo, katika Al-Ankabut 46, inatuamrisha tusijadiliane na watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora. Wakristo wa Najran walifika Madina kujadiliana na Mtume (S.A.W.) juu ya Isa huyu huyu. Hawakusilimu siku hiyo, wala hawakutukanwa. Waliondoka na mkataba wa amani.

Mpwa wangu nimempa kazi: asome Injili ya Yohana yote, mwanzo mpaka mwisho, na tafsiri ya Sheikh Farsy kando. Amefika mlango wa kumi na moja. Jumapili ijayo, inshaallah, tutakwenda Rabai mimi na yeye baada ya watu kutoka kanisani. Mjadala tumeuacha nyumbani. Anakwenda kumuomba bibi yake msamaha. Wabillahi tawfiq.