"O.K.": Neno la Waafrika au la Magazeti?

Wasomaji wenzangu, makala haya yametokana na aibu. Katika semina moja nilisimama, kifua mbele, nikadai kwamba neno "O.K.", ambalo Waingereza na Wamarekani hulitumia kutwa kucha, ni la Kiafrika, tena limetoka kwa Wawolofu wa Senegali. Darasa likapiga makofi. Mwalimu akauliza swali moja tu: "Ushahidi uko wapi?" Nikakaa chini. Basi nikaenda maktaba, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuitendee haki hoja yenyewe. Haikuwa porojo ya kijiweni. Mwaka 1971 mwanaisimu Mwingereza David Dalby aliandika katika New York Times kwamba asili yake ni "waaw kay" ya Kiwolofu, yaani "ndiyo, hasa", na kwamba watumwa waliivusha kauli hiyo bahari. Alitegemea pia shajara ya Jamaika ya mwaka 1816 ambamo mtu mweusi anasema "oh ki". Ukisoma hayo, nani asingefurahi?

Tatizo ni magazeti. Allen Walker Read, wa Chuo Kikuu cha Columbia, alipekua magazeti ya zamani ya Marekani, akachapisha matokeo yake mwaka 1963 na 1964. Alionyesha kuwa tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post liliandika "o.k." na papo hapo likaeleza maana yake: "all correct", yaani yote sahihi. Msomaji atauliza, mbona herufi haziendani? Hapo ndipo kilipo kichekesho. Wahariri wa Boston wakati ule walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno baada ya kuyakosea makusudi: "oll korrect". Mizaha mingi ya aina hiyo ilikufa. Huu uliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, aligombea tena. Wafuasi wake wakamwita "Old Kinderhook" na kuunda O.K. Club. Wapinzani nao wakaligeuza neno kuwa kejeli. Van Buren alishindwa, lakini neno likabaki.

Tangu hapo magazeti hayakuliacha. Waandishi wa vichwa vya habari wamelipenda kwa ufupi wake: badala ya kitenzi kirefu cha kuidhinisha, wanaandika tu kwamba Seneti "OKs" mswada, na nafasi inatosha. Hata tahajia ina ugomvi. Shirika la habari la Associated Press linataka "OK", halitaki "okay". Rais Woodrow Wilson yeye aliandika "okeh", akiamini neno lilitoka kwa Wachoktaw, wenyeji wa asili wa Marekani. Kila mtu anavutia kwake!

Je, Read amemaliza kazi? Hapo nilisita. Magazeti ya 1839 yalikuwa ya watu wenye mitambo ya kuchapa. Mtumwa shambani hakuwa na gazeti. Kwa hiyo kimya cha magazeti hakithibitishi kwamba watumwa hawakulisema neno hilo. Lakini jamani, kimya hichohicho hakithibitishi kwamba walilisema. Naye Frederic Cassidy, mzaliwa wa Jamaika na mmoja wa watunzi wa kamusi ya Kiingereza cha huko, aliipima hoja ya Kiafrika mwaka 1981 na hakuridhika na ushahidi wake.

Kwa nini nayaleta haya kwetu, wanafunzi wa Kiswahili? Kwa sababu tumeshaumizwa na mchezo huuhuu. Waliodai kuwa Kiswahili ni Kiarabu walihesabu maneno, wakaiacha sarufi ya Kibantu. Tuliwajibu kwa ushahidi. Hatuwezi kuwadai wengine ushahidi, halafu sisi tukajisamehe pale jibu linapotupendeza. Tena asili si hati ya kumiliki neno: "sawa" yetu ina asili ya Kiarabu, na hakuna anayeomba ruhusa kuitumia.

Hivyo nafuta dai langu la semina. Sisemi kuwa Dalby alidanganya. Nasema hajathibitisha, nami nilimkariri bila kumsoma. Anayeweza kuleta maandishi ya kabla ya Machi 1839 ayalete. Nitakuwa wa kwanza kupiga makofi.