Jaribio la doria la Kansas City
Jaribio la doria la Kansas City lilikuwa utafiti uliofanywa na polisi wa mji huo, katika jimbo la Missouri (Marekani), kuanzia Oktoba 1972 hadi Septemba 1973. Mkuu wao, Clarence M. Kelley, alikubali maeneo 15 ya doria yagawanywe katika makundi matatu. Katika kundi la kwanza polisi waliingia walipoitwa tu. Katika la pili magari ya doria yaliongezwa mara mbili hadi tatu. La tatu liliachwa kama kawaida.

Taarifa ya mwaka 1974 haikuonyesha tofauti kubwa ya uhalifu wala ya hofu ya wananchi. Wengine wamedai kwamba basi polisi hawana kazi, lakini sivyo: walioita polisi waliendelea kuhudumiwa. Kilichotiliwa shaka ni kuzungukazunguka bila shabaha.