Siku tatu ku Idjwi kwa bato na taximoto: namna ya kupanga safari

Kwa mkaaji wa Goma ao Bukavu anayetaka kupumua hewa ya kijiji siku mbili tatu, bila gari yake mwenyewe, kisiwa cha Idjwi hakiko mbali. Kiko katikati ya Ziwa Kivu, urefu wake karibu kilomita 40, na ni teritware nzima ya Kivu ya Kusini yenye sheferi mbili: Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Lami hakuna. Kuna vilima vyenye watu wengi, mashamba ya ndizi, muhogo, maharagi, nanasi na kahawa, na usiku taa za wavuvi wa sambaza zinawaka juu ya maji kama mji mwingine.

Safari hiyo ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri, lakini inaomba kupangwa kinyume: mtu anaanza na siku ya kurudi, kisha ndio anatafuta siku ya kwenda. Kwenda ku kisiwa, karibu kila mtu anafaulu. Matatizo yanaanza siku ya kurudi, pale mtu anapaswa kuwa kazini kesho yake asubuhi na bato iliyobaki ku bandari ni ile iliyojaa kupita kipimo. Hapo ndipo watu wenye akili zao wanapanda chombo ambacho siku nyingine wasingekigusa.

Mifano si ya mbali. Aprili 2019 bato ilizama upande wa Kalehe, na Rais Tshisekedi mwenyewe akatangaza kwamba watu 150 hawajulikani walipo. Baada ya ajali hiyo aliamuru kila abiria wa ziwa avae jile ya kuokoa maisha. Tarehe 3 Oktoba 2024, bato iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wa ukingoni wakiangalia kwa macho yao. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema siku hiyo kwamba ndani mulikuwa watu 278 na kwamba 78 wamekufa. Wengi wao hawakuwa watu wa kutalii. Vita ilikuwa imefunga barabara ya Goma–Sake–Minova tangu mwanzo wa mwaka ule, basi wafanyabiashara na familia wote wakasukumwa ku maji.

Njia za kufika ni tatu. Kutoka Goma, kuna bato kubwa na kano za mwendo zinazoenda Bukavu, na zingine zinasimama ku Idjwi. Kuna pia bato za mbao zinazoenda kisiwani moja kwa moja. Kutoka Bukavu ni vilevile, ila kinyume. Njia ya tatu ni ya wale wanaoogopa kukaa ku maji saa nyingi: kupanda taxibus Bukavu, kupita Kavumu na Katana mpaka Kalehe, kisha kuvuka na pirogi ya motere. Hapo sehemu ya ziwa ni fupi, lakini vyombo ni vidogo, na pirogi ndogo haivumilii mawimbi. Mtu asidanganywe na ufupi wa njia.

Kano ya mwendo kati ya Goma na Bukavu inachukua karibu saa tatu. Bato kubwa inaweza kumaliza usiku mzima. Kwa Idjwi, muda unategemea sana mahali mtu anaposhukia. Kosa la wageni ni kusema tu “naenda Idjwi” wakati wa kununua tiketi. Kisiwa ni kirefu, na kushuka kusini wakati mwenyeji anangoja kaskazini ni kuongeza saa nyingi za taximoto ku barabara ya udongo. Jina la bandari ya kushukia linapaswa kuulizwa kwa mwenyeji kwa simu, na kurudiliwa mbele ya mwenye kuuzisha tiketi.

Sasa siku gani? Hapa siku ya soko ndiyo inayoamua mambo. Bato za mbao zinafuata soko: siku inayotangulia soko na siku ya soko yenyewe vyombo ni vingi na bei inaweza kujadiliwa. Lakini ndizo siku ambazo magunia ya muhogo, mikungu ya ndizi, mbuzi na madumu vinapangwa mpaka juu ya paa, na abiria wanakaa juu ya mizigo. Kwa hiyo, kwenda na bato ya kurudisha wafanyabiashara kwao, mizigo ikiisha kushushwa mjini, ni wazo nzuri. Kurudi pamoja nao mchana wa soko, hapana. Anayeenda kupumzika hana gunia la kuwahisha. Afadhali arudi siku isiyo ya soko, hata kama atalipa zaidi kidogo kwa bato kubwa ao kano.

Bei haziandikwi hapa juu zinafuata bei ya mafuta na hali ya bandari. Njia ya kweli ni kuuliza watu wawili wasiofanya kazi ku bato ileile, kwa mfano mama anayeuzisha samaki na motari. Makuta ya kurudi yawekwe pembeni tangu siku ya kwanza, ndani ya mfuko mwingine. Franka ndogondogo zinafaa zaidi kijijini. Dola yenye kupasuka hata kidogo haipokelewi, na kutegemea mashine ya pesa ku kisiwa ni kujidanganya. Simu nayo ichungwe: upande wa mashariki inaweza kushika mtandao wa Rwanda yenyewe, na unite zinaisha bila mtu kuelewa kwa nini.

Msimu pia unaamua. Watu husema kiangazi, kati ya Juni na Agosti, ndio wakati mzuri, na kwa barabara ni kweli: taximoto inapita bila kuzama ndani ya matope. Kwa ziwa si kweli yote. Ni wakati huo upepo wa kusini unapata nguvu na mawimbi yanapanda. Wakati wa mvua hatari ni nyingine, ni zoruba inayokuja kwa ghafula. Katika misimu yote miwili wavuvi wanasema neno moja: asubuhi ziwa linalala, mchana linaamka. Safari ya chombo kidogo ni ya asubuhi.

Ku bandari, mbele ya kupanda, kuna mambo ambayo jicho la kila mtu linaweza kuona. Ukingo wa bato uko juu ya maji kiasi gani? Kama maji yanakaribia ukingo bato ikiwa imesimama, itakuwaje ku mawimbi? Mizigo iko chini, ndani ya tumbo la bato, ao iko juu ya paa ikiivuta upande? Jile ziko ngapi? Jile iliyokatika kamba si jile, na ile ambayo abiria wameigeuza kuwa mto wa kukalia haitamfikia mwenyewe maji yakiingia. Inavaliwa na kufungwa ukingoni, si katikati ya ziwa. Kwa mtoto inaomba jile ya mtoto, kwa maana ile ya mukubwa inamponyoka kichwani. Familia inayopenda kwenda Idjwi kila mwaka inafanya vizuri kununua zake mjini.

Na kama bato imejaa? Wasaidizi watasema “ingia tu mama, nafasi iko.” Msafiri ana haki ya kushuka kamba ingali imefungwa, hata kama makuta ya tiketi yanapotea. Ndiyo sababu siku ya akiba ni lazima: anayetakiwa kazini siku ya kwanza arudi siku ya posho, si ya yenga.

Kisiwani kwenyewe mambo ni mapole. Malazi yanapatikana kwa jamaa, kwa nyumba za wageni, ao kwa mapadri ku paruasi, lakini inafaa kupiga simu mbele. Kadi ya mchaguzi isisahauliwe, na mgeni anayelala kijijini anajulishwa kwa chifu. Mara nyingi mwenyeji anafanya hivyo mwenyewe. Picha za bandari na za watu wenye silaha zisipigwe. Kwa Wambuti, ambao ku Idjwi wamepoteza pori lao na wanaishi pembeni ya wengine, mtu haendi kutazama kama ku maonyesho; akienda, aende ameongozwa na mmoja wao na alipe anachonunua.

Maji ya ziwa hayanywewi bila kuchemshwa. Kolera haijatoka ku pande hizi. Chandarua kinabebwa, taa ndogo pia. Chakula ndio raha yenyewe: bugali, sombe, sambaza mbichi za asubuhi. Samaki huyu si wa asili ya Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo analisha pande zote mbili za mpaka. Wavuvi wake wanafanya kazi na pirogi tatu zilizoungwa pamoja, na machweo, wakiwa wanaondoka, ndio saa nzuri ya kukaa ukingoni. Lakini lifti yao isikubaliwe kama inaelekea ng’ambo: upande wa pili ni Rwanda, na kuvuka bila kupitia mpaka rasmi ni kujitafutia matata.

Jambo la mwisho ni habari za siku. Mwanzo wa 2025, Goma na kisha Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23, vyombo vya ziwa vilisimama, kisha vikaanza tena. Usiku wa mbele ya safari, na tena usiku wa mbele ya kurudi, msafiri apigie simu mtu aliye ku bandari na kumuuliza: leo zimeondoka?