Jina la Mama Kwenye Karatasi ya Nyumba

Miaka kumi siyo haba. Tulipoanza kuweka na kukopa hapa Mirongo, wengi wetu tulikuwa wapangaji wa chumba kimoja, na mto ukijaa tunakimbiza magodoro.

Wapo waliotucheka: mwanamke anunue nyumba ya nini? Kumbe swali hilo lilishajibiwa hapa hapa Mwanza. Mama mmoja wa Kagera, Holaria Pastory, alirithi shamba kwa baba yake, akaliuza mwaka 1988. Ndugu wa ukoo, Bernardo Ephraim, akapinga, eti mila za Kihaya hazimruhusu mwanamke kuuza. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba haki ya mwanamke na ya mwanaume ni moja. Baadaye Sheria ya Ardhi ya 1999 ikaandika hivyo hivyo.

Lakini siku ya kutolewa nje kinachoangaliwa ni karatasi. Mwenzetu mmoja alichangia kila tofali, karatasi ikaandikwa jina la shemeji. Mume alipofariki, akatolewa na watoto wanne. Tangu hapo hatutoi mkopo wa kiwanja mpaka tufike wenyewe, tuulize majirani na mwenyekiti wa mtaa, na jina la mama tulisome kwa macho yetu. (Wanaume wengine walinuna, wakazoea.) Mwenzetu yule sasa ana vyumba viwili mlimani, katikati ya mawe. Saruji na maji tulipanda navyo kichwani, tukifuatana kama siafu. Chumba kimoja anapangisha.